Tuchuje Dawa, Tusimwage Mbolea

Yako mambo ambayo adabu ya Kiswahili imeyafunika kwa pazia, na mojawapo ni haja ndogo. Mtu mwenye haya halitaji neno lenyewe mbele za watu. Husema anakwenda kujisaidia, au anatoka nje kidogo, na wenzake wakamwelewa. Pazia hilo ni jema na sina nia ya kulichana. Hata hivyo, kuna suala ambalo haliwezi kujadiliwa likiwa limefunikwa, kwa kuwa linahusu chakula chetu, mito yetu na dawa tunazomeza, na sioni wanaostahili kulijadili mwanzo kuliko walimu na wanafunzi wao. Suala lenyewe ni hili: mkojo wa binadamu ni mbolea, tena mbolea nzuri, lakini pia ndiyo njia kuu ambayo mwili hutumia kutoa nje dawa zilizokwisha kufanya kazi yake. Je, yawezekana kuziondoa dawa hizo tukabaki na mbolea?

Jibu fupi ni kwamba yawezekana, na tayari imefanyika. Linalonishughulisha mimi si kuwezekana kwake, bali ni mahali pa kuifanyia kazi hiyo. Maadamu dawa zimo, ama zitachujwa zikiwa bado ndani ya pipa moja, ama zitaachwa zishuke mtoni, na huko ni nani atakayezisaka?

Tuanze na mbolea. Mtu mzima hutoa lita moja hadi moja na nusu ya mkojo kwa siku, yaani takriban lita 500 kwa mwaka. Ndani yake mna naitrojeni, fosforasi na potasiamu, ambavyo ndivyo virutubishi vitatu anavyofuata mkulima anapokwenda kwenye duka la pembejeo. Kiasi cha naitrojeni hutegemea mlo; anayekula nyama na maziwa kila siku hutoa nyingi kuliko anayeshindia ugali na mboga. Wataalamu wa Sweden waliochapisha makadirio yao mwaka 2004 walisema kwamba mkojo wa Mswidi mmoja huwa na kilo 4 hivi za naitrojeni kwa mwaka, na wa Mganda mmoja kilo 2.2. Mlo wetu hauko mbali sana na wa jirani huyo, kwa hiyo natumia kadirio lake.

Sasa mwanafunzi na achukue kalamu. Familia ya watu sita hutoa kilo 13 na ushei za naitrojeni kwa mwaka. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya CAN una asilimia 26 ya naitrojeni, yaani kilo 13. Kwa maneno mengine, familia hiyo humwaga chooni kiasi cha mfuko mzima wa CAN kila mwaka, ukiacha pungufu la watoto wadogo. Tuchukue tena shule ya bweni yenye wanafunzi 800. Hata tukiikata hesabu kwa nusu kwa ajili ya likizo na umri wa wanafunzi, bado tunapata kilo 880, sawa na mifuko 67. Na hii ndiyo shule ambayo mwalimu wa kilimo hupita ofisi hadi ofisi akiomba fedha za mifuko mitatu ya kuwekea mahindi ya shamba la shule!

Sihitaji kumkumbusha msomaji bei ya mbolea. Mwaka 2022 mfuko wa DAP ulipita shilingi 6,000 katika sehemu nyingi za nchi. Serikali ikaleta ruzuku, bei ikateremshwa hadi shilingi 3,500 mwezi Septemba mwaka huo, kisha 2,500 mwaka 2023. Mwaka 2024 tena ikazuka kashfa ya mbolea ghushi, ambapo wakulima walijikuta wamepanda kwa vitu visivyokuwa mbolea hata kidogo. Mkojo una aibu zake nyingi, ila hakuna aliyewahi kuughushi.

Aibu ya kwanza ni vijidudu, nayo haitatuchukulia muda. Mkojo unapotoka mwilini mwa mtu mwenye afya huwa na vijidudu vichache. Hatari hutokea unapochanganyika na kinyesi. Vyoo vinavyotenganisha viwili hivyo vimekwisha kujengwa nchini mwetu, katika nyumba na shule kadha za Nyanza na Magharibi, na katika vijiji vya mabanda vya Nairobi kama vile Mukuru. Mkojo uliotengwa ukiwekwa katika chombo kilichofunikwa, yurea iliyomo hugeuka amonia, ukali wake ukapanda hadi pH ya 9 hivi, na amonia hiyo ikaua vijidudu. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika mwongozo wake wa mwaka 2006 kwamba mkojo uliokusanywa kwa watu wengi ukihifadhiwa miezi sita katika joto la nyuzi 20 au zaidi waweza kutumiwa kwa mazao ya kila aina. Familia inayotumia mkojo wake yenyewe katika bustani yake yenyewe haihitaji hata kungoja kiasi hicho, mradi upite mwezi mmoja kati ya kunyunyizia na kuvuna.

Lakini dawa haziogopi amonia. Chache, kama zile za jamii ya penisilini, huvunjika zinapokaa katika ukali huo. Zilizo nyingi hubaki vilevile, ukingoja miezi sita au kumi na miwili.

Ili tuelewe jinsi zinavyofika huko, nitamrudisha msomaji nyuma hadi mji wa Oxford, Uingereza, mwezi Februari 1941. Askari polisi mmoja aliyeitwa Albert Alexander alikuwa taabani hospitalini, maambukizi yamemwenea usoni na kichwani kwa usaha. Alidungwa penisilini iliyokuwa imesafishwa na kundi la Howard Florey, na katika siku chache hali yake ikabadilika mpaka waganga wakastaajabu. Tatizo lilikuwa kwamba penisilini yote iliyokuwapo ilikuwa chembe tu. Basi ikawa mkojo wa mgonjwa unakusanywa, unapelekwa maabarani kwa baiskeli, penisilini inatolewa humo, kisha anadungwa tena ile ile aliyokwisha kuitumia. Hata hivyo dawa ikaisha kabla ugonjwa haujaisha, na mwezi Machi askari huyo akafa. Wale walichuja dawa mkojoni kwa sababu ilikuwa haba. Sisi twalazimika kuichuja kwa sababu imekuwa nyingi.

Iliwezekana kuirudia penisilini kwa kuwa figo huitoa damuni upesi, ikiwa nzima, haijakatwakatwa. Si kila dawa iko hivyo. Paracetamol hushughulikiwa na ini mpaka kinachotoka kikiwa bado katika umbo lake la asili ni chini ya sehemu moja kwa ishirini. Lakini amoksilini, ile ambayo wengi wetu hununua dukani bila hata karatasi ya daktari, zaidi ya nusu yake hutoka nzima. Metformini ya wagonjwa wa kisukari hutoka karibu yote. Lamivudini, ambayo ni sehemu ya tembe wanayomeza kila siku Wakenya zaidi ya milioni moja wanaoishi na virusi vya Ukimwi, hutoka asilimia 70 hivi. Mtu amezapo miligramu 300, zipatazo 200 zitafika chooni. Watafiti wa Uswisi walipokusanya hesabu za dawa 212, wakachapisha mwaka 2007, walikuta kwamba kwa wastani asilimia 64 ya dawa hutoka kwa njia ya mkojo na asilimia 35 kwa njia ya kinyesi.

Hapa naomba niseme neno moja kabla mtu hajanitangulia. Mgonjwa anayemeza tembe zake kila siku anafanya lile analopaswa kufanya, na kwa kufanya hivyo anajilinda na kuwalinda wengine. Iwapo mazungumzo haya yatamfanya mwanafunzi mmoja aone haya kuendelea na dawa zake, au yawafanye wenzake wamnyooshee kidole mlangoni pa choo, basi afadhali yasingeanzishwa. Dawa zilizomo katika pipa la shule ni za malaria, za kikohozi, za maumivu, za vidonda vya tumbo. Ni za wote. Kazi ya kuzichuja ni ya jamii na wala si ya mgonjwa.

Kiasi kilichomo kimepimwa. Watafiti kutoka Kenya, Zambia na Finland walichunguza mkojo uliotengwa katika vyoo vya mtaa wa Chunga, viungani mwa Lusaka, na matokeo yao yakatolewa mwaka 2020. Walikuta viuavijasumu, yaani dawa za kuua bakteria, na dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, lamivudini ikiwa miongoni mwa zilizozidi. Kilichokuwamo mkojoni kilizidi kwa mbali kile kilichokuwamo katika maji ya mto na visima vya mtaa huohuo. Mjini Durban, Afrika Kusini, uchunguzi wa aina hiyo wa mwaka 2015 ulikuwa umeonyesha hali iyo hiyo.

Msomaji atauliza: je, hilo si thibitisho kwamba mkojo usiguswe? Nami nitamjibu kwa kumpeleka kwenye mto Nairobi. Huko mkojo hautengwi, kila kitu huchanganywa na maji na kusukumwa kuelekea Ruai, na kisichofika Ruai humwagika njiani. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2016 zilikuta katika maji ya bonde la mto huo viuavijasumu, dawa za maumivu na ARV. Wala hatuko peke yetu. Uchunguzi wa mito 258 katika nchi 104, uliotolewa mwaka 2022, uliitaja miji ya Lahore, La Paz na Addis Ababa kuwa ndiyo iliyokuwa na dawa nyingi zaidi mitoni. Na kandokando ya mto Nairobi kuna mashamba ya sukuma wiki na mchicha yanayonyweshwa maji hayohayo, na mboga zake huuzwa sokoni alfajiri, na wanunuzi ni sisi. Anayekataa mbolea ya mkojo kwa kuhofia dawa, kisha akanunua mboga hizo bila kuuliza zimetoka wapi, hajaikwepa hatari. Ameibadilisha jina tu.

Tofauti iliyopo kati ya pipa na mto ni hii. Mkojo ni kiasi cha asilimia moja tu ya maji taka yanayotoka katika mji wenye vyoo vya kupiga maji, lakini umebeba sehemu kubwa ya naitrojeni yote, karibu nusu ya fosforasi, na, kama tulivyoona, sehemu kubwa ya dawa. Kuzitoa dawa katika lita moja zilimokolea ni rahisi kuliko kuzitoa katika lita mia zilimotawanyika. Kila mama anayechambua mchele anajua kwamba mawe huondolewa ungoni, kabla mchele haujamiminwa sufuriani.

Na kweli, zina madhara gani? Ni vyema kusema bila kutia chumvi. Kiasi cha dawa kinachopenya kutoka udongoni hadi kwenye jani ni kidogo mno. Nchini Israel, watu 34 wazima wa afya walilishwa mboga zilizonyweshwa maji taka yaliyosafishwa, na kwa zamu nyingine mboga zilizonyweshwa maji safi. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, watafiti waliikuta karbamazepini, dawa ya kifafa, katika mikojo ya watu ambao hawakuwa wameimeza kamwe. Ilikuwa imetoka kwa mgonjwa, ikapita kwenye mtambo wa maji taka, ikapanda kwenye mboga na kurudi tena mkojoni kwa mtu mwingine. Kiasi chake kilikuwa kidogo mara maelfu kuliko cha mgonjwa anayetibiwa. Haikumdhuru mtu yeyote katika jaribio lile. Lakini iliwaonyesha njia inakopitia.

Hofu yangu mimi haiko sahanini sana. Iko udongoni. Bakteria wanaoishi katika udongo wenye viuavijasumu kidogo kidogo, visivyotosha kuwaua, hupata nafasi ya kuvizoea, na walivyojifunza huweza kuvipitisha kwa bakteria wengine wanaotuletea maradhi. Usugu huo ni janga ambalo tayari liko nyumbani. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2019 yalihesabu vifo milioni 1.27 duniani vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ikawa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Usugu hutokana hasa na namna tunavyotumia dawa hospitalini, dukani na katika mifugo. Walakini sioni sababu ya kuufungulia mlango mwingine shambani, ilhali ufunguo wa kuufunga unapatikana.

Ufunguo huo ni makaa. Nasema makaa, lakini si ya kuchomea mahindi. Ni makaa yaliyoamilishwa, yaani yaliyounguzwa kwa joto kali pamoja na mvuke hadi yakajaa vitundu visivyoonekana kwa macho, na hutengenezwa kwa mawe ya makaa, kwa mbao, na hata kwa vifuu vya nazi. Gramu moja tu ya makaa haya ina uso wa ndani unaozidi mita mraba mia kadha, kwa sababu ya vitundu hivyo. Mkojo unapopita katikati yake, molekuli kubwakubwa za dawa, ambazo aghalabu hazina mapenzi makubwa na maji, hunasa katika kuta za vitundu. Amonia, fosfati na potasiamu ni chembe ndogo zinazopenda kukaa majini, hivyo hupita zake. Hiyo ndiyo bahati tuliyopewa na maumbile: mbolea na dawa hazifanani, na makaa hujua kuzitofautisha.

Waliokwenda mbali zaidi katika kazi hii ni taasisi ya maji ya Uswisi iitwayo Eawag, ikishirikiana na manispaa ya eThekwini, yaani Durban na vitongoji vyake. Manispaa hiyo, baada ya kipindupindu kilichozuka KwaZulu-Natal mwaka 2000, ilijenga makumi ya maelfu ya vyoo vinavyotenganisha mkojo katika maboma yasiyofikiwa na mabomba ya maji taka. Mradi wao wa kugeuza mkojo kuwa mbolea uliitwa Vuna. Jina hilo ni la Kizulu, na hakuna Mswahili atakayehitaji mkalimani, kwani maana yake ni ileile. Katika utaratibu wao, mkojo hupitishwa kwanza kwa bakteria wanaogeuza sehemu ya amonia kuwa naitrati, nao harufu yake ikapotea. Kisha hupita kwenye makaa yaliyoamilishwa, ambapo dawa hubaki. Mwisho huchemshwa ili maji yatoke, vijidudu vife, na kibaki kimiminika kizito kisichochukua nafasi. Mbolea hiyo, iliyopewa jina la Aurin, iliidhinishwa na serikali ya Uswisi mwaka 2018 itumiwe kwa mimea ya kila aina, hata ile inayoliwa. Nchi ile haina sifa ya kuzembea katika mambo ya usafi.

Kwa mfuko wetu, mtambo wa namna hiyo ni ghali, na kuchemsha maji kunakula umeme. Ndiyo sababu nawasifu waliotafuta njia nyepesi. Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, kilijaribu makaa ya kawaida ya mianzi, ya miti na ya vifuu vya nazi katika mkojo uliotengenezwa maabarani, na matokeo ya mwaka 2017 yakaonyesha kwamba makaa yakiwekwa ya kutosha, zaidi ya asilimia 90 ya dawa zilizojaribiwa huondoka, huku naitrojeni na fosforasi zikibaki karibu zote. Jambo hili lingefaa kusomwa kwa sauti Kilifi na Kwale, ambako vifuu hutupwa ama huishia mekoni.

Iko pia njia ya pili, ambayo badala ya kuiondoa dawa katika mbolea huiondoa mbolea katika dawa. Ukitia magnesi katika mkojo uliokaa, fosforasi hugandamana nayo pamoja na amonia kidogo, ikawa unga mweupe mfano wa mchanga uitwao struviti, na unga huo ukaanguka chini. Dawa, karibu zote, hubaki katika maji ya juu. Magnesi yenyewe imo katika yale maji machungu yanayobaki viwandani baada ya chumvi kuvunwa, na viwanda vya chumvi tunavyo pale Gongoni, kaskazini mwa Malindi. Kasoro ya struviti ni kwamba naitrojeni nyingi nayo hubaki pamoja na dawa, na kwa shamba la mahindi naitrojeni ndiyo inayotafutwa. Kwa hiyo njia hii naiona kuwa msaidizi tu.

Nisije nikaonekana kuuza makaa kama tiba ya kila donda, niseme pia udhaifu wake. Makaa hushiba. Vitundu vikijaa, dawa huanza kupita kana kwamba hakuna chujio, na mkojo uliopita hauonyeshi tofauti yoyote kwa macho wala kwa pua. Chujio lililoshiba ni hatari kuliko kutokuwa na chujio, maana mwenye nacho amekwisha kujiamini. Kwa hiyo yeyote atakayeanzisha mradi wa namna hii katika shule au mtaa hana budi kuandika ni lita ngapi zimepita, na kuyabadilisha makaa kabla ya wakati badala ya baada yake. Makaa yaliyoshiba nayo yasimwagwe shambani kwa kisingizio kwamba makaa hufaa udongo. Yana dawa zote ulizokuwa ukizikimbia, na dawa yake ni moto mkali wa tanuri.

Vilevile si kila mkojo wa kuingizwa katika mpango. Wa wodi za hospitali, ambamo mna dawa za saratani na dozi kubwa za viuavijasumu, uachwe nje kabisa, ushughulikiwe pekee. Wa familia inayorutubisha migomba yake mwenyewe sioni haja ya kuuwekea masharti ya maabara. Hapo ni watu wachache, ardhi kubwa na mmea ambao tunda lake liko juu, na anayekunywa viuavijasumu kwa wiki moja aweza kutumia choo kingine kwa wiki hiyo. Linalodai chujio na upimaji ni lile kundi la kati: shule za bweni, masoko, vyoo vya mitaani, kokote ambako mkojo wa mamia ya watu wasiojuana hukusanywa na mbolea yake kuuzwa. Huko mnunuzi ana haki ya kujua ni dawa gani zilizopimwa, kwa kiasi gani, na nani aliyepima. Vyuo vikuu vyetu vina wanakemia waliokwisha kupima dawa hizi mitoni. Wakipelekewa chupa ya mbolea hawatashindwa.

Kwa ndugu zetu Waislamu liko swali jingine, kwani mkojo ni najisi, na mtu hujitwahirisha nao kabla ya kusimama kwa sala. Wanachuoni wa fikihi wamejadili tangu zamani hukumu ya kitu kilichobadilika hali yake kikawa kitu kingine, wakaliita suala hilo istihala, na madhehebu hayakukubaliana kuhusu mipaka yake. Si mahali pangu kutoa fatwa. Nionalo ni kwamba mradi wowote Mombasa au Lamu uanze kwa kuwauliza mashehe, wala usingoje hadi mapipa yawe yamejaa.

Kwa mwalimu wa kemia ambaye hana fedha za mtambo wala ruhusa ya kukusanya chochote, bado kuna la kufanya wiki hii. Katika kabati la maabara, karibu na vioo vya hadubini, aghalabu kuna kichupa cha buluu ya methilini, ile rangi ya kutilia chembechembe za vitunguu ili zionekane. Wanafunzi wachache wanajua kwamba rangi hiyo ni dawa. Mwaka 1891 Paul Ehrlich na mwenzake waliwapa wagonjwa wawili wa malaria mjini Berlin, na wenye kuitumia hukojoa rangi ya kijani au buluu, jambo ambalo litawachekesha kidato kizima na kuwafanya wasilisahau somo.

Mwalimu na achukue chupa ya plastiki, aikate kitako, aigeuze, atie pamba shingoni na juu yake makaa ya kawaida yaliyotwangwa na kuoshwa mpaka maji yake yasibadilishe tena karatasi ya litmasi. Atie matone machache ya buluu katika maji yenye amonia kidogo, kisha amimine taratibu. Chini yatatoka maji yasiyo na rangi, lakini litmasi nyekundu ikichovywa humo itageuka buluu, ishara kwamba amonia imepita. Kundi moja litumie makaa ya mgunga, jingine ya vifuu, jingine ya magunzi ya mahindi. Waendelee kumimina bila kuchoka, mililita hamsini baada ya hamsini, hadi katika kikombe cha chini rangi ya buluu ianze kuonekana tena, na kila kundi liandike ubaoni ni mililita ngapi zilizokuwa zimepita.